Kazi ya Ununuzi: Si Haramu, Wala Si Ulaji



Kila sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baad.

Wanafunzi wetu wapenzi, wazee wetu na ndugu zetu wa Makangale na vijiji jirani, kila mwaka jarida letu linapotoka hutenga kurasa chache kwa jambo la maisha ambalo halisomwi ndani ya juzuu wala ndani ya daftari la fiqhi, lakini haliwezi kutengana nayo. Mwaka huu tumechagua kazi ya ununuzi. Wengine huiita manunuzi, wengine ugavi. Ni kazi ya mtu anayenunua kwa niaba ya wengine: kwa niaba ya skuli, hospitali, hoteli, kampuni au Serikali.

Tumeichagua kwa sababu vijana wetu wamalizapo kidato cha nne na cha sita huja kutuuliza wasome nini. Wengi hutaja ualimu na udaktari, na hizo ni kazi za kheri. Lakini akitokea mmoja akasema anataka kusoma ununuzi, barazani hupata majawabu mawili. La kwanza ni hili: "Achana nayo mwanangu, kazi ile ni haramu tupu, ni asilimia kumi na bahasha." La pili ni hili: "Soma hiyo hiyo, ndiko kwenye ulaji."

Majawabu haya yanaonekana kupingana, lakini ukiyatazama vizuri utaona ni jawabu moja. Wote wawili wanaamini kwamba mnunuzi lazima aibe. Mmoja anaogopa, mwengine anafurahi. Sisi tunasema wote wawili wamekosea, na kosa lao linatugharimu. Tunaufunga wenyewe mlango mmoja wa riziki ya halali, kisha tunashangaa kwa nini nafasi zake hukaliwa na watu wasiotujua wala kutuonea huruma.

Kazi yenyewe ni ipi?

Hatuna haja ya kwenda mbali kuifahamu. Kila mtu kisiwani Pemba anakijua kituo cha ununuzi wa karafuu. Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, lilianzishwa mwaka 1968, na tangu hapo wakulima wetu wamekuwa wakipeleka karafuu vituoni. Pale kuna mtu anayetia mkono ndani ya gunia kutazama kama karafuu zimekauka. Anaangalia kama zimechanganyika na makonyo. Anaamua daraja, anapima, anaandika, na mkulima analipwa kwa mujibu wa yale yaliyoandikwa.

Ikiwa mtu yule ni mwaminifu na anaijua kazi yake, mkulima hupata haki yake na Shirika hupata mali nzuri. Ikiwa si mwaminifu, mmoja kati ya wawili hawa amedhulumiwa. Ikiwa ni mwaminifu lakini haijui kazi, dhulma itatokea pia, ingawa yeye hakuikusudia. Hapo ndipo ilipo kazi yote ya ununuzi: kupata kitu sahihi, kwa kiasi sahihi, kwa ubora unaotakiwa, kwa wakati wake, na kwa bei ya haki. Nyuma ya maneno haya machache kuna sheria, hesabu, mikataba na kumbukumbu nyingi.

Tukumbuke pia kisa kilichopokewa na Imam Muslim, cha Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni kwenye fungu la chakula, akatia mkono wake ndani, vidole vikakuta umaji. Akamuuliza mwenye chakula kwa nini hakuuweka juu watu wakauona, na akakemea udanganyifu. Wengi tunaisoma hadithi hii kama onyo kwa muuzaji, na ni kweli. Lakini ndani yake mna funzo pia kwa anayesimamia mali: usiridhike na kinachoonekana juu ya gunia.

Soko la ajira limebadilikaje?

Zamani mtu wa ununuzi alikuwa karani wa stoo. Alikuwa na funguo, leja na kalamu sikioni. Mara nyingi hakuwa amesomea, alipewa kazi kwa sababu alikuwa mtu mzima na anaaminika. Kule Bara zabuni kubwa za Serikali zilipitia Bodi Kuu ya Zabuni.

Mambo yalianza kubadilika ulipoanza mwaka 2001, Tanzania Bara ilipopata Sheria ya Ununuzi wa Umma. Ikaja nyengine mwaka 2004, ambayo iliipa kila taasisi ya umma dhamana ya kujinunulia wenyewe, ikiwa na bodi yake ya zabuni na kitengo chake cha ununuzi. Hapo ndipo ajira zilipozaliwa. Kabla ya hapo kazi kubwa ilikuwa imekusanyika mahali pamoja, baada ya hapo kila wizara, kila halmashauri, kila chuo na kila hospitali kubwa ilihitaji watu wake waliosomea. Sheria ikabadilishwa tena mwaka 2011, na tena mwaka 2023, na hii ya mwisho ilianza kutumika Juni 2024.

Kwetu Zanzibar ununuzi wa Serikali una sheria yake. Tulipata Sheria ya Ununuzi na Uondoaji wa Mali za Umma namba 9 ya mwaka 2005, kisha ikaja namba 11 ya mwaka 2016 iliyoweka Mamlaka maalumu ya kusimamia kazi hii. Wanafunzi wanaotaka kuisoma fani hii walijue jambo hili tangu mapema, maana mtu anaweza kusoma chuo cha Dar es Salaam akaihifadhi sheria ya Bara yote, kisha akaja kwenye usaili Zanzibar akaulizwa sheria ya Zanzibar akanyamaza.

Badiliko la pili ni usajili. Mwaka 2007 Bunge lilipitisha sheria namba 23 iliyounda Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, inayojulikana kwa kifupi kama PSPTB. Kwa sheria hiyo, kule Bara mtu hafanyi kazi ya ununuzi na ugavi kama mtaalamu mpaka awe amesajiliwa. Bodi ina mitihani yake, na anayeimaliza ngazi ya juu hupata cheti cha CPSP. Ndiyo maana leo ukisoma tangazo la kazi hii, mara nyingi utaona mwajiri anataka vitu viwili: shahada au stashahada ya chuo, na usajili wa Bodi. Kijana mwenye cha kwanza bila ya cha pili huachwa mlangoni. Tumewaona vijana waliomaliza chuo wakidhani safari imekwisha, kumbe wamefika nusu ya njia. Majirani zetu Kenya nao wana sheria ya mwaka huo huo wa 2007 inayosimamia wataalamu wa ugavi kupitia taasisi yao ya KISM. Kwa hiyo huu ni mwendo wa eneo letu lote.

Badiliko la tatu ndilo kubwa kuliko yote, nalo ni kompyuta. Zamani zabuni zilipelekwa kwa bahasha zilizofungwa kwa lakiri, zikatumbukizwa ndani ya sanduku, zikafunguliwa mbele ya watu. Kazi nyingi za vijana zilikuwa kupiga chapa, kutoa nakala, kupanga mafaili na kupeleka barua. Mwaka 2023 Tanzania Bara ilianzisha mfumo wa NeST uliochukua nafasi ya ule wa TANePS, na taasisi za umma zikatakiwa kununua kupitia humo. Zanzibar nayo ina mfumo wake, e-ProZ. Mzabuni aliyeko Konde anaweza kuona tangazo wakati mmoja na aliyeko Mjini Unguja, na anaomba bila ya kupanda meli.

Maana yake kwa anayetafuta ajira ni nini? Kazi ya kubeba bahasha inapungua kila mwaka, wala hairudi. Kazi inayobakia ni ya akili: kuandaa mahitaji yaliyo wazi, kulinganisha bei, kusoma mkataba, kumfuatilia mkandarasi mpaka amalize, na kugundua pale takwimu zinaposema uongo. Sasa imekuja na akili mnemba, ambayo inaweza kusoma kurasa mia mbili za zabuni kwa muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Chombo hicho hakitaogopa akhera. Atahitajika mtu wa kutia saini na kubeba dhamana.

Kazi ziko wapi?

Serikali bado ndiyo mnunuzi mkubwa. Viongozi wa Tanzania wamekuwa wakitaja mara kwa mara kwamba takriban asilimia 70 ya bajeti hupitia katika ununuzi. Wazee wetu na wapime wenyewe. Mwaka 2021 Zanzibar ilipata takriban shilingi bilioni 230 katika mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa uliotolewa kwa ajili ya UVIKO-19, na sehemu ya fedha zile ikajenga hospitali za wilaya Unguja na Pemba. Jengo likishasimama, kazi ya ununuzi ndiyo kwanza inaanza. Vitanda, dawa, vifaa vya maabara, mafuta ya jenereta, mashuka, vyakula vya wagonjwa, vyote hununuliwa, na vingi hununuliwa tena kila mwezi. Mama anayejifungua Micheweni akakosa dawa, mara nyingi tatizo si daktari. Yumkini kuna mtu mahali fulani aliyechelewa kuagiza.

Mwajiri wa pili ni utalii. Zanzibar ilipokea watalii zaidi ya 600,000 mwaka 2023, na zaidi ya 700,000 mwaka 2024. Sisi wa Makangale tunaziona hoteli katika ukanda wetu wa Kigomasha, ng'ambo ya msitu wa Ngezi. Kila hoteli ina mtu anayenunua samaki, mayai, nyanya, sabuni na mashuka. Tunapozungumzia ajira za hoteli huwa tunafikiria kutandika vitanda na kupeleka vinywaji, na wazee wengi hapo husita, na wana sababu zao. Kazi ya ununuzi wa vyakula hufanywa stoo na sokoni, na mtoto wa Makangale anajua zaidi kuliko mgeni yeyote nani anavua pweza, nani analima tungule, na bei ya haki ni ipi. Lakini naye aulize kabla hajatia saini atanunua nini. Hoteli inayomtaka aagize pombe, huko si kwake, na aseme hivyo kwa adabu tangu mwanzo.

Mwajiri wa tatu ni bandari na usafirishaji. Mwaka 2023 kampuni ya AGL ilikabidhiwa uendeshaji wa gati ya makontena ya Malindi, Unguja. Kule Tanga, ng'ambo ya mkondo wetu, bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, linaishia Chongoleani. Miradi ya namna hii hununua kila kitu, kuanzia mabomba mpaka viatu vya wafanyakazi, na hutaka wanunuzi, watunza ghala na wafuatiliaji wa mizigo.

Wa nne ni Ghuba. Wengi wetu tuna jamaa Maskati na Dubai, na swali la kwanza la kijana ni kama kazi hii inapatikana huko. Inapatikana, lakini tuseme ukweli wote. Waajiri wengi wa huko hupenda cheti cha CIPS, ile taasisi ya Uingereza iliyoanza mwaka 1932 na kupewa hati ya kifalme mwaka 1992. Pia Oman ina sera ya kuwatanguliza raia wake katika kazi za ofisini, na Saudi Arabia vivyo hivyo. Jamaa yako aliyeko Maskati anaweza kukupa pahala pa kulala, hawezi kukupa cheti. Anayekwenda na aende na fani mkononi, asiende na tamaa peke yake. Hapa mwanafunzi wa madrasa ana faida moja: Kiarabu chake. Kiarabu cha kisomo si kile cha mikataba, lakini aliyeisoma nahau hapa kwetu hataanza na alifu.

Na wa tano, asisahauliwe, ni yule anayeuza. Soko la ununuzi lina pande mbili. Kule Bara sheria imetenga asilimia 30 ya ununuzi wa taasisi za umma kwa ajili ya makundi maalumu: vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Kenya nayo ina utaratibu kama huo tangu mwaka 2013. Kijana aliyeisoma fani hii akakosa ajira, anaweza kuwakusanya wenzake, wakasajili kikundi au kampuni, wakajiunga na mfumo wa zabuni, wakawauzia samani, mboga au huduma ya usafi wale wale aliotaka wamuajiri. Anayejua jinsi zabuni inavyopimwa anajua pia jinsi ya kuijaza.

Tusidanganyane

Hatutaki mzazi auze shamba la karafuu kwa sababu ya makala yetu halafu aje kutulaumu. Nafasi za Serikali ni chache kuliko wanaoziomba. Vyuo vinavyofundisha fani hii ni vingi, vikiwemo Chuo cha Elimu ya Biashara na Taasisi ya Uhasibu kule Bara, na kila mwaka hutoa wahitimu. Kabla hujajiunga na chuo chochote, uliza mambo matatu: chuo kimesajiliwa? Kozi hiyo inatambuliwa na Bodi? Waliomaliza miaka mitatu iliyopita wako wapi? Chuo kisichoweza kujibu swali la tatu, kifikirie mara mbili. Kwa wanaokwenda shahada, Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar ipo tangu mwaka 2011. Masharti yake yasomwe mapema, isiwe usiku wa siku ya mwisho.

Tena kuna jambo linalotuuma zaidi. Wengi wa wanafunzi wetu ni hodari wa kuhifadhi, lakini hesabu wanaikimbia. Mtu hawezi kuwa mnunuzi ikiwa hajui asilimia, wastani na kubadilisha fedha. Mtu hawezi kusoma mkataba wa Kiingereza kwa kubahatisha. Na mtu hawezi kutumia mfumo wa zabuni ikiwa kompyuta anaijua kwa kutazama mipira na video tu. Uaminifu bila ya ujuzi hauajiriwi. Tumeshasema kuhusu kituo cha karafuu: mwaminifu asiyejua kazi naye hudhulumu.

Nabii Yusuf (A.S.), kama tusomavyo katika sura yenye jina lake, alipoomba asimamie hazina za nchi hakusema yeye ni mtoto wa Nabii. Alitaja sifa mbili: kwamba ni mwenye kuhifadhi, na kwamba ni mwenye kujua. Kisha akaweka akiba miaka ya neema ikatosha miaka ya njaa. Wanafunzi, zishikeni sifa zote mbili. Madrasa inajitahidi kukupeni ya kwanza. Ya pili itafuteni skuli kwa bidii ile ile.

Hili linawahusu mabinti zetu pia. Kazi hii ni ya ofisini, ina saa zake, haina haja ya misuli. Mama zetu ndio wanaoendesha manunuzi ya nyumba zetu na wanajua kupima vibaba kuliko sisi. Mzazi anayemtoa binti skuli kidato cha pili anamtoa pia katika kazi hii.

Kwa anayesema ni haramu

Sasa turudi kwa wazee wetu wa jawabu la kwanza. Hofu yao haikutoka hewani. Tanzania ilinunua rada kutoka kampuni ya BAE Systems ya Uingereza kwa paundi milioni 28, mkataba uliopingwa hata na baadhi ya viongozi wa Uingereza yenyewe. Uchunguzi ulichukua miaka. Desemba 2010 mahakama ya London iliitoza kampuni hiyo faini ya paundi laki tano kwa kutoweka kumbukumbu sahihi za hesabu zilizohusu biashara ile, na kampuni ikakubali kuwalipa Watanzania paundi milioni 29.5. Fedha zikaja mwaka 2012, watu wakaziita chenji ya rada, na zikaelekezwa kwenye vitabu na madawati ya skuli za msingi.

Wengi hukikumbuka kisa hiki kuonesha kwamba ununuzi umeoza. Sisi tunakisoma vyengine. Tazameni kosa lililotajwa mahakamani: kumbukumbu hazikuwa sahihi. Na aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inazungumzia nini? Inazungumzia kuandika deni, kuwa na mwandishi muadilifu na kuweka mashahidi. Dini yetu haikutwambia tuikimbie biashara ya mali nyingi. Imetwambia tuiandike. Ikiwa kila muadilifu ataikimbia meza ile kwa kuogopa haramu, nani atabaki mezani? Wale wale tunaowalalamikia. Kazi si haramu. Haramu ni rushwa, na rushwa ina mlango kila kazini, hata kwa mwalimu anayeuza mtihani.

Kwa anayesema ni ulaji

Kwa ndugu zetu wa jawabu la pili tuna kisa kimoja, nacho kiko katika Bukhari na Muslim. Mtume (S.A.W.) alimtuma mtu wa kabila la Azd, aitwaye Ibnul-Lutbiyya, kwenda kukusanya zaka. Aliporudi akagawa mali mafungu mawili, akasema hili lenu, na hili nimepewa zawadi. Mtume (S.A.W.) akapanda juu ya mimbari, akauliza kwa nini mtu yule asikae nyumbani kwa baba yake na mama yake akaona kama zawadi zingemfuata huko.

Hakuna kipimo kizuri kuliko hiki kwa mnunuzi wa leo. Mzabuni akikuletea simu mpya siku ya Iddi, jiulize: kama ungekuwa umekaa kwenu Makangale unachokoa mihogo, angekuletea? Kama jawabu ni hapana, basi ile si zawadi yako. Ni mali ya yule mgonjwa, ya yule mwanafunzi anayekaa chini, ambaye bei yake imeongezwa ili simu ipatikane. Na anayekula leo ajue kwamba mfumo wa kompyuta unaandika kila anachofanya, saa na dakika. Zanzibar ina Mamlaka ya Kuzuia Rushwa na Uhujumu Uchumi, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2012. Hata asiyeiogopa Siku ya Hesabu ana sababu ya kuiogopa siku ya ukaguzi.

Mzazi unayemtuma mwanao akale, ujue pia anayeulizwa kwanza nyumbani ni wewe. Tunapomsifu kijana aliyejenga nyumba ya ghorofa baada ya miaka miwili ya kazi, bila ya kuuliza mshahara wake ni kiasi gani, tumeshamfundisha somo kubwa kuliko la madrasa.

Tuanze hapa hapa

Amana haifundishwi kwa waadhi peke yake, inafundishwa kwa kufanya. Kwa hiyo sisi walimu tunalo pendekezo kwa kamati ya madrasa na kwa wazee. Madrasa yetu nayo hununua: misahafu, chaki, mabusati, balbu, na mchele na nyama ya siku ya Maulidi. Kila mwaka kazi hii hufanywa na watu wazima wawili watatu wenye nia njema, na wanafunzi huona chakula tu.

Tunapendekeza mwaka ujao kazi hii wapewe wanafunzi wa darasa la juu, wavulana na wasichana, chini ya usimamizi wa mwalimu mmoja na mzee mmoja wa kamati. Waandike kwanza kinachohitajika na kiasi chake. Waende maduka matatu ya Konde waombe bei kwa maandishi. Wakae walinganishe, si bei tu, na ubora pia. Kama mwenye duka mmoja ni ami wa mmoja wao, kijana huyo aseme mbele ya wenzake na akae pembeni wakati wa kuamua. Anayepokea mchele asiwe yule aliyeununua, na aupime. Risiti zote zibandikwe ubaoni, pamoja na chenji iliyobaki hata ikiwa shilingi mia mbili. Baada ya Ijumaa mzee yeyote apite asome na aulize.

Hili halihitaji fedha za ziada hata senti moja. Kijana akishafanya hivi miaka miwili, atakapofika chuoni na kusikia maneno ya bei shindani, mgongano wa maslahi na ukaguzi wa mali, atacheka kwa sababu alishayaona kwenye mchele wa Maulidi. Na siku atakapoulizwa kwenye usaili kama ana uzoefu wowote, hatakuwa na haja ya kutunga.

Wako watakaosema watoto wataharibu. Huenda kilo mbili zitapunjwa na mwenye duka mjanja. Sisi tunaona bora wapunjwe kilo mbili za mchele leo wakajifunza, kuliko kesho wakapunjwa vitanda mia vya hospitali.

Wanafunzi wetu, soko la kazi hii lipo na linabadilika, halimngojei mtu. Linataka hesabu, lugha, kompyuta na usajili, na juu ya yote linataka mtu ambaye mzani wake mmoja hutumika kwa kila mtu. Suratul Mutaffifin mmeihifadhi wengi wenu mkiwa wadogo. Kaeni mfikiri inawahusu nani, na kama mnaweza kuwa kinyume chao mkilipwa mshahara wa halali.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awape vijana wetu elimu yenye manufaa na riziki yenye baraka, na atulinde na mali isiyokuwa yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.